Nyumba Zilizobaki Nyeupe

Jumatatu, 12 Januari 1998
Ofisi ya kata tena. Ninanakili hati za mauziano ya nyumba kwenye daftari jipya. La zamani lililowa mvua. Mtendaji amesifu mwandiko wangu. Hakuna mwingine aliyenisemesha leo. Tangu Bibi azikwe, nyumba ya marehemu Baba ni yangu na mijusi.

Barua ya Baba mdogo imefika kutoka Kibondo. Jumamosi anakuja Kasulu kuuza nyumba. Mimi nitahamia kwake. Sitaki. Kumwambia sitaweza.

Jumatano, 14 Januari
Nimenunua karatasi ya manila na penseli za rangi. Nimechora mtaa: barabara, kanisa, bomba, kila nyumba. Nikatia rangi kufuata hati. Bei ndogo kijani, ya kati njano, kubwa nyekundu. Zisizouzwa nimeziacha nyeupe.

Nilidhani nyekundu zitajaa sokoni. Hapana. Zinaanzia kwenye ofisi za mashirika ya wakimbizi, zinafuata barabara kuja huku. Kwa tarehe za hati, kila mwaka zinasogea. Mwaka jana zilifika kwa jirani.

Ijumaa, 16 Januari
Nimejizoeza mbele ya kioo. "Baba mdogo, tukiuza sasa tutapunjika, tusubiri." Kila nikianza naishia kwenye "Baba mdogo".

Jumamosi, 17 Januari
Mnunuzi ni Mzee Idrisa mwenye duka. Amefunga Ramadhani, hata maji hakupokea. Niliitandika tu ramani mezani.

Baba mdogo alifuata nyekundu kwa kidole mpaka mlangoni petu. Nikajua ameelewa.

Akamgeukia mgeni. "Mzee, ile bei uliyotaja isahau. Binti yangu amenionyesha nyumba hii iko wapi."

Mzee Idrisa akacheka. "Binti, leo umenifungisha mara mbili."

Akaongeza bei. Baba mdogo akakubali papo hapo. Akanishika bega. "Umesoma kweli, mwanangu."

Hakuwa amewahi kunisifu. Nilienda jikoni kulia.

Jumatatu, 19 Januari
Nimenakili hati yetu. Jina la Baba limenishinda mara mbili. Mtendaji alidhani wino ndio mbaya.

Jumapili, 25 Januari
Sanduku limefungwa. Lori la Kibondo ni kesho asubuhi. Kwenye ramani nimeipaka nyumba yetu nyekundu, taratibu, nisivuke mistari. Upande wetu imebaki nyeupe moja tu, ya Mama Yohana, jirani yetu wa pili. Kupitia dirishani nimemwona akipepeta maharage. Nilitaka kwenda kumuaga. Nimekaa nikamtazama mpaka akamaliza.