Gari la Mluzi

Tate,

Shikamoo. Mama hataki nikuite marehemu, anasema hilo ni neno la watu wa ofisini, kwa hiyo nakuita Tate, baba, kama nilivyokuita siku zote. Naandika nikiwa ndani ya gari, nimeegesha kando ya barabara kabla ya daraja, na kupitia dirisha la abiria naliona kaburi lako pale chini kwenye mipeasi. Ndiyo, ndani ya gari. Langu mwenyewe. Kabla hujaanza kunisema naomba unisikilize mpaka mwisho, maana safari hii huwezi kunikatiza.

Nimenunua gari lililotumika. Ni stesheni wagoni ya buluu, mlango wa nyuma umechubuka, viti vimeshonwa upya na mtu asiyejua kushona. Nimelinunua Korogwe kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahamia Dodoma. Nilimwomba Baba Mdogo anisindikize, na ndugu yako unamjua: alilizunguka, akapiga tairi teke, akasema gari ni zima. Mimi nikafanya ulivyonifundisha. Nikafumba macho nikasikiliza injini, kwa sababu ulikuwa ukisema mwenye gari anaweza kulipaka rangi, ila sauti hawezi kuipaka.

Nikasikia mluzi. Ukikanyaga mafuta kidogo unaanzia chini, halafu unapanda pamoja na injini, kama birika linalokaribia kuchemka. Mwalimu akasema ni feni. Baba Mdogo akasema ni pampu ya usukani, inataka grisi tu. Nikawaamini wote wawili, jambo ambalo wewe usingelifanya hata ukiwa na homa.

Tulipoanza kupanda kutoka Mombo ndipo nilipoona maajabu. Unakumbuka Landrova yako ilivyokuwa ikihema ikifika Soni, wewe unarudisha gia huku unaipapasa dashibodi, "pole mama, pole"? Hili halikuhema. Kadiri tulivyopanda ndivyo lilivyozidi kupiga mluzi na kuvuta. Baba Mdogo alishikilia mlango kwa mikono miwili mpaka Lushoto, akasali sala ambazo hajawahi kusali kanisani. Tangu siku hiyo anakwenda kwa miguu.

Fundi Yona alipofungua boneti alicheka mpaka akakaa chini. "Neema, umenunua ndege!" Akanionyesha mashine iliyobanwa kando ya injini, inazungushwa na mkanda, kazi yake ni kuisukumia injini hewa kwa nguvu. Inaitwa supachaja. Gari halikutoka nayo kiwandani. Kuna mtu aliifunga baadaye, labda kijana mpenda mbio, na mwalimu wa watu hakujua alichokuwa anaendesha. Mimi nikadhani ndiyo ile tabo ya kwenye malori. Yona akasema hapana, tabo inazungushwa na moshi wa injini, hii ni mkanda. Halafu akaacha kucheka. Akanishikisha beringi yake, ilikuwa imechoka, inacheza kama jino la mtoto. Ikivunjika, vipande vya chuma vinaweza kuingia kwenye injini. Akashauri tuitoe kabisa, gari lirudi lilivyozaliwa. Nikakubali mara moja. Hata wewe ungekubali, hukuwahi kupenda gari lenye haraka. Tukakubaliana nilipeleke baada ya soko la Alhamisi, nikishashusha kabichi za watu.

Sasa nikupe habari za nyumbani, maana huko ndiko ninakotaka kufika.

Tangu uondoke hatukuwa tunakula ugali wa moto. Wewe unajua Mama alivyokuwa akifanya. Huku kwetu gari linasikika kabla halijaonekana, na kila mtu anajua ni la nani. Akisikia Landrova inabadilisha gia kwenye kona ya daraja, ndipo anaweka sufuria ya maji motoni. Wewe ukifika, ukinawa, ugali unaipuliwa. Ulijisifu kwa jambo hilo kila penye watu, kwamba nyumbani kwako hujawahi kula ugali uliopoa.

Siku tuliyokurudisha kutoka hospitali tulikuja na gari la kukodi. Lilikuwa jeupe, jipya, halina sauti. Ulikata roho mapajani mwangu tulipofika Soni, Tate, na mimi sikuwa na la kumwambia Mama kwenye simu, kwa hiyo sikupiga. Alikuwa uani anachambua maharage. Hakusikia kitu. Alipoinua macho, gari lilikuwa limeshasimama mbele yake, na wewe umelala kiti cha nyuma. Jiko lilikuwa baridi.

Baada ya arobaini Landrova ikauzwa, ikashuka mlimani juu ya lori, haikutoa hata mlio. Mama akawa anapika mchana, anafunika, jioni tunakula kilichopoa. Sikumwuliza. Nilikuwa nakula, nasema asante, naenda chumbani kwangu kulia. Kumlilia baba kwa sababu ya ugali, hebu fikiria.

Basi, siku chache baada ya kulileta gari, nikarudi jioni kutoka Mombo nikaona moshi jikoni. Nikamkuta Mama anasonga, mwiko mkononi, kitambaa kimeteleza kichwani. Hakugeuka. "Nimekusikia darajani," akasema, "gari lako linapiga mluzi kama mchunga mbuzi." Tukala. Niliungua vidole, nikaendelea kumega. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa.

Mimi niliona kwamba ni ule mluzi. Ila beringi ni beringi, nikajiambia, na mama ni mtu mzima, atazoea. Alhamisi nikampelekea Yona gari. Hakuwa na vifaa vyote vya kuitoa ile mashine, kwa hiyo akafunga mkanda mfupi usioipitia, akaniambia nilitembelee hivyo kwanza. Nikapanda nyumbani kimya, gari linajikokota kama mgonjwa.

Mama alikuwa uani. Alipoinua macho nilikuwa nimeshasimama mbele yake. Ungo wa maharage ukamdondoka. Alikuja mbio, na hakunitazama mimi, Tate. Alibandika uso kwenye kioo, akatazama kiti cha nyuma. Akakitazama muda mrefu, na kulikuwa na magunia matupu tu. Halafu akaniita kwa jina langu la utotoni, lile la Kishambaa ambalo nyinyi wawili tu mlikuwa mkiniita, akasema, "Usinijie kimya tena. Baba yako alinijia hivyo."

Tuliokota maharage pamoja mpaka giza likatuzuia.

Asubuhi nikawa wa kwanza gereji. Nikamwambia Yona arudishe mkanda. Akaniuliza, unataka mbio za nini barabara hii yenye makona? Nikamjibu nataka ugali. Akanitazama kama mtu aliyegongwa kichwa, nikalazimika kumweleza yote, na yeye akajifuta macho kwa tambara la oili, akajipaka weusi usoni. Wiki nzima akaitafuta beringi mpya mpaka akaipata Tanga. Akafunga na puli kubwa zaidi, lile gurudumu la mkanda, ili mashine izunguke polepole na isukume kidogo. Nguvu imepungua. Mluzi umeshuka, umekuwa mnene, lakini upo. Kabla sijalichukua nilimwambia alipige resi nikiwa mbali, ng'ambo ya kituo cha mabasi, nihakikishe. Nilisimama pale kama chizi, nimefumba macho. Nikalisikia.

Hayo ndiyo mambo yangu. Najua ungesema gari halihitaji kelele, linahitaji breki, na breki nimebadilisha. Nakuahidi sitalikimbiza. Kushuka Mombo nitashuka na gia, kama ulivyonionyesha, na beringi itakaguliwa kila mwaka kabla mvua za masika hazijatufungia barabara. Ila ulinikataza kukanyaga mafuta kwenye kona, na hapo darajani, Tate, nitakukaidi kila jioni mpaka Mama atakaponiambia basi.

Nakukumbuka mno. Kuna siku najikuta nasogea kiti cha abiria, nikupishe.

Jua linaingia upande wa Kwai, baridi imeanza. Jikoni hakuna moshi bado, anasubiri. Lala salama, Tate. Nawasha gari. Nikifika darajani nitakanyaga kidogo, na ukitulia hapo ulipo utanisikia mimi kwanza, kisha mfuniko wa sufuria.

Mwanao,
Neema