Jumamosi ya Mapumziko

Mtaa wa Cypress,
Belle Pointe, Louisiana.
Oktoba mosi.

Mdogo wangu mpendwa Leander,

Pokea salamu za nduguyo, ambazo zimetoka huku zimelowa jasho, maana joto la huku halina habari kwamba kalenda imefika Oktoba. Hujambo? Goti lako je, bado linakununia ukipanda ngazi? Na huko Beaumont bado wanapika wali mkavu kama mchanga? Sisi hatujambo. Shemeji yako Velma ni mzima, anakula, anagomba. Kimbunga cha Septemba kiling'oa mabati upande wa jikoni, nikapanda nikayarudisha mwenyewe, majirani wamesimama chini wananitazama kama sarakasi. Unanijua: mimi nikishika nyundo, msumari unaingia wenyewe kwa adabu.

Nina jambo la kukuomba kuhusu harusi ya Odette, na ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Nitalifikia. Nivumilie kwanza nitoe sumu ya mpira, maana ikibaki tumboni itaniua kabla sijafika huko kanisani.

Mamba wetu, ndugu yangu, hiyo timu ya chuo inayotuua kila mwaka, wamecheza mechi tatu na kushinda moja, na hiyo moja afadhali tungeificha. Tuliwaalika wale vijana wa Arkansas, wale ambao kazi yao ni kuja huku kila mwaka wapigwe, walishwe kuku, warudi kwao. Safari hii nusura wao watupige sisi. Tuliponea teke la mwisho, na mpira wenyewe uligonga mwamba kwanza, ukafikiria, ndipo ukaingia. Watu walishangilia. Mimi sikushangilia. Nilimwambia jirani yangu wa kiti kwamba mtu akiponea chupuchupu kwa mbuzi, asitangaze kwamba yuko tayari kwa chui. Akaniita mchawi.

Mrusha mpira wetu mpya katoka California. Ana nywele nzuri, siwezi kumnyima haki yake. Lakini mpira ukimfikia anaushangaa kama mtu aliyepakatishwa mtoto mchanga wa jirani, na wakati anashangaa, majitu ya upande wa pili yameshafika. Nayo yanafika bila taabu, maana wale vijana wanene waliopangwa mbele kumlinda ni ukuta wa biskuti iliyochovywa kwenye chai. Mechi ya pili, ya ugenini, aliangushwa mara nyingi hata nikaanza kumhurumia mama yake.

Ya tatu ndiyo hii ya Jumamosi iliyopita, nyumbani kwetu, mbele ya macho yetu. Dakika za mwisho, tuko nyuma kwa alama nne, zimebaki yadi mbili tu kufika mstari wao, na kuuvuka na mpira ni alama sita. Yadi mbili, Leander. Velma angezipita na kapu la nguo kichwani. Tunaye kijana mmoja, mapaja kama magogo; mpe mpira, ainamishe kichwa, atembee nao. Uwanja mzima unaimba jina lake. Kocha akaamuru mpira urushwe. Ukarushwa. Wakaudaka wao, mchezo ukaisha pale pale.

Jumatatu huyo kocha kaja redioni akasema tuwe na subira, tunajenga. Nikapiga simu. Nikasema mimi niliishia darasa la tisa, lakini nimefanya kazi kwenye mitambo ya mafuta kuanzia Ghuba yetu hii mpaka Aberdeen, nimekula samaki kwa Wanorwe na pilipili kwa watu wa Veracruz, nimeona vitu vikijengwa katikati ya bahari, na sijapata kuona jengo linaloanza kwa kubomoka. Mtangazaji alicheka mpaka akaweka tangazo la sabuni. Velma aliyekuwa anamenya vitunguu hakucheka. Alisema mwanamume mwenye binti anayeolewa wiki chache zijazo asingekuwa na nafasi ya kumfundisha kazi kocha.

Hapo sasa ndipo penyewe.

Wewe ulizaliwa hapa, huhitaji kuambiwa kwamba Belle Pointe mtu haoi Jumamosi ya mpira. Watu hufa Jumamosi, hilo hawawezi kulizuia, ila kuzikwa wanasubiri Jumanne. Wenye akili hutazama kwanza ratiba ya Mamba, ndipo wamtazame padri. Odette ni binti yangu, ana akili, akaitazama ratiba tangu ilipotoka. Akaona katikati ya Oktoba kuna Jumamosi moja ambayo Mamba wanapumzika, hawachezi popote. Akaishika hiyo. Mji mzima ukamsifu. Hata mchumba wake Curtis, ambaye ni mtu wa Oregon na anauliza kwa nini mchezo unasimama kila baada ya pumzi mbili, alielewa kwamba tarehe ile imepatikana kwa busara.

Kisha kikaja kimbunga. Kilitukuta juma la mechi na Nyumbu wa Carrollville. Maji yakajaa uwanjani, mechi ikaahirishwa, na wakubwa wakakaa wakatafuta siku ya kuirudisha. Vyuo vyote viwili vilikuwa na nafasi Jumamosi moja tu. Hiyo hiyo. Carrollville, Leander. Siyo Arkansas. Watu ambao baba yetu, Mungu amrehemu, alikataa kuwauzia hata tairi bovu.

Tangazo lilipotoka, simu ya Odette haikupumzika. Mpishi akauliza kama chakula kinaweza kuliwa asubuhi. Mpiga fidla akagundua ana homa itakayomshika siku ile. Padri mwenyewe, mtu wa Mungu, aliuliza kwa upole kama misa ingeweza kuwa fupi. Odette hakusogeza tarehe. Bibi yake Curtis keshakata tiketi ya ndege, ukumbi mwingine haupo mpaka Januari, naye kasema ataolewa na watakaokuja, wawe wangapi wawe.

Alikuja kuniambia akiwa amesimama mlangoni, hata mkoba hajaweka chini. Na mimi baba yake, unajua neno la kwanza lililonitoka ni lipi? Niliuliza mechi inaanza saa ngapi. Velma aliniangalia mpaka nikasikia baridi ndani ya joto lote hili. Odette hakuniangalia. Alisema inaanza saa nane, saa ya ndoa, akaenda kumsaidia mama yake vyombo.

Sikusema kwamba sitakwenda kanisani. Weka hilo sawa, kwa sababu nimesikia linavyosimuliwa. Ila sikusema pia kwamba nitakwenda. Siku zile nilikaa kimya katikati, nikawa napiga kelele za mpira tu, redioni, dukani kwa kinyozi, pale kwenye maegesho ya uwanja ninapopika gumbo, ule mchuzi wetu mzito, kabla ya mechi. Watu wananiuliza, "Alcide, siku ya Carrollville utakuwa wapi?" Nawajibu kwa mzaha, wanacheka, tunaendelea kula. Mzaha ni kazi rahisi kwangu, unanijua.

Jumapili, siku moja baada ya kile kipigo, Odette alikuja kuchukua viti vya kukunja. Nilikuwa barazani, mbovu kama Mamba wenyewe. Nikafikiri atanigombeza, nikajiandaa, nina maneno. Akakaa karibu yangu, akaniwekea mkono begani kama mtu anayemtuliza mgonjwa.

"Baba, wewe nenda mpirani," aliniambia. "Baba mdogo Leander atanipeleka madhabahuni. Nilishamwomba tangu Juni."

Nikacheka. Nikamwambia Leander anatembea kama bata, mtafika madhabahuni usiku. Naye akacheka. Ndipo akili yangu, ambayo huja kwa miguu, ikafika. Juni. Juni kimbunga hakikuwepo. Juni ile Jumamosi ilikuwa bado ya mapumziko, hakuna Carrollville, hakuna mpira, na mtoto wangu alikuwa keshatafuta wa kushika nafasi yangu. Nikamuuliza kwa nini. Hakukasirika hata kidogo, na afadhali angekasirika.

"Sikutaka nikuone unachagua, Baba."

Akabeba viti vyake akaenda.

Basi hayo ndiyo yaliyonichosha, ndugu yangu. Mechi mbili za kufungwa si kitu, tangu nipate akili Mamba wamenifunga kamba shingoni na sijafa. Lakini wewe ulijua toka Juni, na Velma alijua, na wote mlinikalia kimya kwa wema, kama watu wanaomzunguka kipofu wasimgonge. Sikulaumu. Odette angeniomba mimi, ningesema ndiyo kwa sauti kubwa kuliko zote, halafu ningeuliza saa ngapi.

Sasa ombi langu. Uamuzi nimeufanya, saa nane siku ile nitakuwa kanisani, hata kama Carrollville watakuja na malaika. Sijamwambia Odette. Ningeweza kwenda leo nimwambie anirudishie nafasi yangu, na angenirudishia, maana akiniona uso atanihurumia, na huruma yake naijua, ameirithi kwa mama yake. Siitaki hiyo. Nakuomba wewe umpigie simu. Usimdanganye kuhusu goti, usitunge safari. Mwambie tu kwamba baba yake anaomba, na muulize anataka mkono wa nani siku ile. Wewe atakwambia kweli, kwa sababu hatakuwa ananitazama.

Akisema ni mimi, niandikie, au nipigie hata kama ni saa ya mechi. Akisema ni wewe, usitafute maneno ya kunipoza. Njoo na viatu vizuri, umpeleke polepole, umshike vizuri kwenye ile ngazi ya mbele yenye ubao uliolegea. Mimi nitakuwa benchi la kwanza karibu na Velma, na nitasimama atakapopita.

Wasalimie shemeji Bernadette na watoto, na umwambie shemeji ile pilipili yake ya chupa imekwisha na Velma anaona haya kuomba. Ukija, chumba chako kiko tayari, godoro ni lile lile, uvumilie. Mungu akulinde barabarani na awalainishie wali wenu.

Ni mimi nduguyo akupendaye,

Alcide Fontenot