Geti Lililoandikwa Mbwa Mkali

Jumatano, 11 Juni
Asubuhi kama zote. Nimefagia ghala, nimegeuza magunia ya mchele wa Kamsamba yasishike unyevu. Chai, kiporo. Kipya ni kimoja tu: mbwa. Gidioni, mdogo wangu anayeendesha lori, amemtoa kwa dereva mwenzake upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia. Mbegu ya Sauzi. Kichwa kama beseni. Jina lake Nkalamo, ndiyo simba kwa Kibemba. Wezi walioruka ukuta wangu mwezi uliopita sasa waje. Nawakaribisha.

Ijumaa, 13 Juni
Mwenyekiti wa mtaa amekuja. Kasimama nje ya geti, hakuingia. Ati mbwa wa aina hii anataka chanjo, mnyororo, banda, na majirani waambiwe nyumba kwa nyumba. Nikamwonyesha geti. "Mwenyekiti, si limeandikwa?" Akasema, "Mama Imani, hata kwa mchungaji pameandikwa, na anafuga kuku tu." Nimecheka mpaka machozi. Kweli, mtaa mzima tumeandika MBWA MKALI. Letu aliliandika marehemu mume wangu kwa rangi nyekundu tulipomaliza ukuta, na hatujawahi kufuga hata paka.

Mnyororo nitanunua. Chanjo wiki ijayo. Kwa sasa kamba ya katani inatosha. Mzee yule anapenda kusumbua watu.

Jumatatu, 16 Juni
Nkalamo amemng'ata Mama Enea. Mkono wa kulia. Siwezi kuandika.

Jumanne, 17 Juni
Niandike. Nisipoandika nitapasuka.

Mama Enea, jirani yangu wa ukuta mmoja, alikuwa Ileje msibani wiki nzima. Habari za mbwa hakuwa nazo. Jana kashuka kwenye gari, kaja moja kwa moja kwangu kama siku zote, kitambaa cha sare za kwaya kwapani, akasukuma geti. Nani husimama kusoma maandishi anayoyaona miaka yote? Na mimi nilikuwa nimemfungua mbwa anyooshe miguu. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu.

Nilikuwa ghalani. Nilisikia kishindo tu. Sikusikia kubweka. Hakubweka hata kidogo. Kumbe mkali wa kweli habweki. Nilimpiga kwa fagio, kwa ndoo, nikamvuta masikio. Wapi. Aliachia alipotaka mwenyewe. Kitambaa kilikuwa cheupe.

Mama Enea ni fundi cherehani. Mkono ule ndio unaolisha nyumba yake. Yangu yote miwili ni mizima.

Jumatano, 18 Juni
Hospitali. Daktari kaniuliza kama mbwa amechanjwa. Nikasema bado. Neno dogo hivyo, na nilitamani sakafu inimeze. Mama Enea ameanza sindano za kichaa cha mbwa, atarudi tena na tena. Vidole viwili havikunjiki. Ni mapema kujua, wanasema.

Yeye kaniambia jambo moja tu. "Mama Imani, geti lako limetudanganya miaka yote. Ningejuaje kwamba safari hii ni kweli?" Hakuwa na hasira. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 19 Juni
Afisa mifugo kaagiza Nkalamo afungiwe chumba cha nyuma cha ghala tumwangalie. Baada ya yeye kuondoka, vijana wa mtaa wakaja na mawe. Mwenyekiti akawazuia mlangoni: "Mkimuua leo, tutajuaje kama ana kichaa? Mnamsaidia Mama Enea au mnajifurahisha?" Wakatawanyika. Mzee yule yule niliyemcheka. Nimemshukuru kwa sauti ndogo, sikuweza kumtazama.

Chakula cha mbwa nasukuma kwa ufagio chini ya mlango. Anatikisa mkia akinisikia. Mdomo ule ule. Sielewi.

Jumapili, 22 Juni
Kanisani benchi langu lilikuwa na nafasi kubwa. Sikulaumu mtu. Kwaya imeimba ikiwa imevaa sare za zamani.

Jumatano, 25 Juni
Gidioni kapiga simu kutoka njiani. "Dada, usimuue, huyo mbwa wa maana. Mpeleke Kamsamba kwa binamu, akalinde ng'ombe." Nikaona ni wazo zuri. Nikaanza kabisa kuulizia gari la kumbeba. Nimeshtuka nikiwa nimeshika simu. Kule ng'ombe wanachungwa na watoto. Kana kwamba watu wa Kamsamba hawana mikono.

Nimekataa. Gidioni amekasirika. Na akasirike.

Jumatatu, 30 Juni
Hana kichaa. Mzima kabisa, kasema afisa. Namshukuru Mungu kwa ajili ya Mama Enea. Lakini kuna jambo limenitisha: moyoni nilikuwa naomba awe mgonjwa. Nilitaka cha kusingizia. Kumbe ni mbwa mzima aliyefanya nililomletea, ila kwa mtu ambaye sikumkusudia.

Afisa kasema huyu hafugwi kwa kamba ya katani. Ni banda lenye kufuli, kifunga mdomo akitoka, na mtu anayejua kumshika. Au sindano ya kumlaza moja kwa moja. Mimi mbwa siwajui. Sikuwahi kuwajua, nilitaka tu wezi waogope. Nimechagua sindano.

Nilimshika kichwa mwenyewe. Kizito. Kanilamba kiganja. Nimelia, tena sana, na sitaki mtu aniulize namlilia nani.

Jumamosi, 5 Julai
Nimekwenda kwa Mama Enea. Kidole kimoja kimeanza kukunjika, kingine bado. Cherehani kaifunika khanga. Nywele zimefumuka, hazijaguswa tangu Ileje, na kwa mkono mmoja hawezi hata kuzichana. Nikamwambia akae chini kwenye mkeka, nikachukua chanuo.

Nilipomgusa shingo kutoka nyuma aliruka. Kakelele kadogo kakamtoka. Nikashusha chanuo. Sikujua niondoke au nikae.

Basi nikawa namwambia kabla ya kupeleka mkono. Naja kulia sasa. Naja kushoto. Mabega yake yakashuka kidogo kidogo. Tumemaliza upande mmoja. Upande wa pili kasema nije kesho baada ya ibada.