Tepu Uliyobandika Chini ya Boneti

Barasa,

Usicheke. Nakuandikia nyuma ya fomu ambayo sijaitia sahihi, nimekaa ndani ya chumba cha vioo hapa kwa wauzaji wa magari upande wa Westlands, na ufunguo wa gari langu umo kwenye droo ya mtu mwingine. Chini yangu, ng'ambo ya kioo, gari lenyewe limeinuliwa na jeki ya umeme, magurudumu yananing'inia. Siwezi kwenda nalo na siwezi kwenda bila hilo. Nimekunywa kahawa tatu za mashine, na unajua kahawa inavyonifanya. Choo kiko nyuma ya kaunta. Kila nikipita, dada anayeshughulikia karatasi zangu, anaitwa Akinyi, ananiuliza kwa upole kabisa, "Mzee wangu, tumeamua?" Kwa hiyo sipiti tena. Nimebana tu.

Hili gari unalikumbuka. Ndilo nililonunua mwaka jana kwa mkopo wa Sacco, limetumika Japani, na hawa jamaa wakanipa waranti ya mwaka mmoja: likiharibika wanatengeneza wao, bure. Mwaka unaisha leo. Sasa wanataka niongeze miaka miwili, kwa bei ambayo ni karibu mishahara yangu miwili ya kufundisha jiografia. Nisiponunua kabla hawajafunga saa kumi na moja, hawaniuzii tena hata nikipiga magoti.

Ungedhani ninacholia ni hiyo bei. Ningekopa, si mara ya kwanza. Kinachonikaba ni hii karatasi. Upande wa pili wa haya maneno yangu imechapwa kwamba mimi mwenye gari natamka kuwa tangu nilinunue hakuna fundi mwingine yeyote aliyefungua boneti yake, na kwamba hakuna atakayeifungua mpaka waranti iishe. Chini kuna mstari wa sahihi.

Na asubuhi, fundi wao alipofungua boneti kulikagua, alikuta tepu yako.

Waliniita chini nikaione. Nilikuwa nimeisahau, Barasa, naapa. Kipande cha tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, kimebandikwa pembeni mwa betri, kimeanza kuwa kahawia, na mwandiko wako mbaya wa kalamu nene: NIMESIKIA. IKO SAWA. Fundi wao, kijana nadhifu ambaye ovaroli yake haina hata doa moja (ungemtilia shaka hapo hapo), akaniuliza hii ni ya nani. Nikasema ni ya rafiki. Akasema rafiki alifungua boneti? Nikatazama viatu kama mwanafunzi aliyekutwa na simu. Akinyi akashuka, akaitazama, akaniambia pole pole, "Bandua tu hiyo kitu, mzee. Sisi hatuwezi kuitoa, ni yako. Lakini ukiibandua, sisi hatujaona kitu." Wakanipa kitambaa na petroli kidogo kwenye kifuniko cha chupa, ya kulainisha gundi. Wakageuka wakatazama ukuta. Watu wazuri, kwa kweli. Walikuwa wananisaidia kudanganya.

Nilisimama pale na kitambaa. Nikaanzia kona moja. Ikainuka kidogo, herufi ya N ikakunjamana.

Nikairudisha. Nikaibonyeza kwa kidole gumba. Nikapanda huku juu.

Tangu tukupeleke nyumbani Bungoma ni miezi minane. Nilikuwa nadhani nimemaliza. Nilibeba jeneza, nikakwama na viatu vyangu vya mjini kwenye udongo wenu, shemeji zako wakanicheka, nikarudi Riruta nikaendelea na kazi. Kumbe nilikuwa nimeiacha sehemu moja chini ya boneti.

Ile siku uliyoiandika hiyo tepu, nilikuja gerejini kwako Kabiria kukuonyesha gari tu. Niliringa kidogo, nikiri. Ulikuwa umekaa kwenye kile kiti cha matatu ulichokitoa sijui wapi, umevaa jaketi kwenye jua kali, na kile kikohozi kinakutikisa. Ulisema, "Mwalimu wa ramani anayepotea Kawangware, leo umenunua gari inayojua njia kuliko wewe." Halafu ukaomba nifungue boneti. Nikakwambia waranti hairuhusu. Ukasema hutagusa, unataka kusikia. Ukachukua ile bisibisi yako ndefu, ukaweka ncha kwenye injini, mpini kwenye sikio, ukafumba macho. Ulikaa hivyo muda mrefu. Hukukohoa hata mara moja. Nilidhani unasikiliza gari. Sasa nadhani ulikuwa unapumzika.

Ulipofumbua macho ukaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Hii giaboksi mimi siijui. Wacha wenyewe waichunge mpaka karatasi yao iishe. Ikiisha, lete kwa Nekesa. Usimwache." Nikasema sitamwacha. Ukabandika tepu. Ukagonga paa mara mbili kwa kiganja, kama ulivyogonga kila gari uliloruhusu litoke kwako, nikaenda.

Karatasi yao inaisha leo, Barasa. Uliona nitakavyobanwa?

Binti yako Nekesa bado anafungua gereji kila asubuhi, saa moja kamili, si saa tatu kama wewe. Amepaka ukuta. Ana mashine ya kupima, ile inayochomekwa chini ya usukani ikakutajia ugonjwa wa gari kwa maandishi. Alisomea mambo hayo ya umeme wa magari na cheti amekitundika mahali ulipokuwa unatundika kalenda ya duka la vipuri. Lakini wateja wako, wale wazee uliowatukana vizuri miaka yote, wameanza kupungua. Yule mwenye pikapu ya kuku alisema atarudi "mambo yakitulia". Mambo gani, hakusema. Wiki jana nilipita nikampata Nekesa amekaa kwenye kile kiti chako, gereji nzima ina gari moja, tena la pasta wa kanisa, tena la kutengenezwa kwa deni. Aliniuliza, "Mwalimu, ile yako inatoka lini kwa wenyewe?" Nikasema Ijumaa. Akasema, "Sawa, Jumamosi nitakuwa na nafasi." Akacheka kidogo kwa sababu sote tuliona nafasi aliyokuwa nayo.

Nikitia sahihi, atangoja miaka miwili. Sidhani kodi ya pale itangoja naye.

Sasa usinifanye mtakatifu. Kuna mke wangu, Mama Wanja, na ana haki yake. Unajua siku gani nasema. Gari la zamani lilimzimikia Waiyaki Way hapo Kangemi, njia ya katikati, mvua inamwagika, malori yanapita pande zote mbili, na mama yake mzazi amekaa nyuma ametoka kliniki. Alikaa pale saa nzima ameshika usukani wa gari lisiloenda. Ilikuwa ni pampu ya mafuta, ile uliyoniwekea wewe, ya mitumba, ukasema itakula miaka. Ilikula wiki sita. Tangu siku ile mke wangu aliniambia hataki tena gari la kuombea. Hili lilinunuliwa kwa sababu ya ile mvua, na hii waranti anaitaka kwa sababu ya ile mvua. Alinipigia simu saa sita mchana.

"Baba Wanja, umesign?"

"Bado."

"Unangoja nini, wakubembeleze na keki?"

Nikamwambia nasoma masharti. Hakuamini, maana hajawahi kuniona nikisoma masharti ya kitu chochote, hata ya dawa.

Lakini nilikuwa nasoma kweli. Nina nini kingine cha kufanya humu? Televisheni yao inaonyesha watu wakipanda maua. Nimesoma kurasa zote kumi na moja kwa herufi za saizi ya chawa, miwani nimeisukuma mpaka puani. Giaboksi imo, na injini imo, siwezi kuwasingizia. Giaboksi ikifa, ile bei yao ni kidogo kuliko ya kuitengeneza. Breki hazimo. Betri haimo, taa hazimo, wala bushi za chini na chochote cha mpira, yaani kila kitu ambacho ile barabara ya Kabiria hutafuna. Nikatafuta pampu ya mafuta. Imo, isipokuwa ikiharibiwa na mafuta machafu. Nikainuka, nikaenda kaunta kishujaa, nikamuuliza Akinyi nani anaamua kama mafuta yalikuwa machafu.

"Sisi, mzee wangu."

"Na mkisema yalikuwa machafu?"

"Basi inakuwa ni upande wako."

Alisema bila ubaya wowote. Nikarudi kwenye kiti changu.

Nikataka niende nyumbani nikafikirie. Huwezi. Kukataa pia kuna fomu, na fomu ya kukataa inasainiwa na meneja, na meneja amekwenda Loresho, kwa wenye pesa, na mteja kujaribu gari. Bila sahihi yake hawashushi gari langu. Nikamuuliza Akinyi atarudi lini. Akasema, "Wateja wa Loresho hawaharakishwi." Kwa hiyo, ndugu yangu, kukubali ni dakika moja na kalamu iko hapa. Kukataa ni kungoja mtu asiyejulikana atarudi lini. Ndipo nikageuza karatasi nikaanza kukuandikia, kwa sababu wewe ndiye ningekuuliza. Miaka kumi na tisa sijawahi kuamua jambo la gari peke yangu. Hata tairi lenye pancha nilikuwa nakupigia kwanza nikuelezee sauti yake.

Nimefika katikati ya ukurasa nikaona naandika kwa mtu mmoja kitu ambacho napaswa kumwambia mwingine. Nikampigia Mama Wanja. Nikamwambia yote. Kwamba Barasa alifungua boneti, kwamba tepu yake ipo, kwamba wananitaka niibandue na niseme hakuna mtu aliyefungua. Nikamsomea sharti la pampu. Nikamwambia na la giaboksi, sikumficha. Nikangoja anitafune.

Nikasikia redio ya jirani kwenye simu. Halafu akaniuliza, "Siku ile ya mvua, unajua Barasa aliniambia nini?"

Sikujua. Hukuwahi kunieleza, wala yeye.

Akasema ulikuja kwa miguu kutoka kituo cha Kangemi na kamba begani, umelowa mpaka mfupa, na kabla hujagusa gari ulikuja dirishani kwake ukasema, "Mama Wanja, hii ni mimi. Si gari, si mafuta. Ni mimi." Halafu ukamtoa mama mkwe wangu kwa mgongo mpaka kando ya barabara. Akasema alikukasirikia mwaka mzima, na anakukasirikia hata sasa, lakini hajawahi kujiuliza ni nani wa kumkasirikia. "Hao wa hapo," akasema, "siku gari ikizima, nani atakuja dirishani aseme ni yeye?"

Nilikuwa na pua inayotiririka, mbele ya samaki wa mapambo kwenye tangi lao la kioo.

Akamaliza kama anavyomaliza yeye: "Usibandue. Rudi. Ile pesa tutaiweka pembeni kidogo kidogo kwa ajili ya giaboksi, na usiiguse hata ukiota. Na Jumamosi gari naipeleka mimi. Nekesa atanieleza mimi, si wewe. Wewe huwa unaitikia tu."

Ni kweli, Barasa. Miaka kumi na tisa niliitikia tu.

Meneja amerudi. Namwona kwa chini anapangusa viatu. Akinyi amempelekea fomu ya kukataa na amenionyesha kidole gumba; sijui kama ni pongezi au pole. Nimemwambia hii nyingine siwezi kuirudisha kwa sababu imejaa. Ameigeuza, akaona mwandiko mpaka pembeni, akasoma jina lako pale juu, akanirudishia bila kuuliza. Jeki inashuka. Inashuka taratibu sana, lakini magurudumu yamegusa sakafu.

Bado naogopa. Sitakudanganya. Njia yote ya Waiyaki nitakuwa nasikiliza hiyo giaboksi kama mama wa mtoto mchanga. Lakini nakuahidi mambo haya, na Mama Wanja ni shahidi: tepu yako haitatoka hapo mpaka gari lenyewe liwe chuma chakavu, na Jumamosi Nekesa atabandika yake pembeni. Nitamwambia aandike vizuri kuliko wewe, na mwenye pikapu ya kuku nitamfuata mwenyewe mpaka nyumbani kwake nimuulize ni mambo gani yasiyotulia.

Sikukuaga vizuri Bungoma. Nilikuwa nahangaika na matope. Basi nimegonga hii meza ya kioo mara mbili kwa kiganja, kwa nguvu kidogo kuliko nilivyokusudia, na chumba kizima kimenigeukia.

Nimesikia. Iko sawa. Toka sasa, ndugu yangu. Enda.

Mwalimu