Vipande vya Mchuzi

Shoga, usinipigie. Nimejifungia bafuni, wageni bado wako sebuleni.

Unaukumbuka ule mchuzi wa sikukuu uliobaki? Mama mkwe alitaka ulale jikoni na sufuria yake, eti atakuwa anauchemsha kila asubuhi. Nikasema hapana mama, utachacha utuue. Nikaupoza, nikaumimina kwenye trei za barafu, nikaugandisha. Ukitaka kidogo unatoa vipande viwili, mwingine hauguswi. Nilijiona mjanja kweli.

Sasa leo wamekuja wazazi wa mchumba wa wifi. Wifi mwenyewe kaenda kuandaa soda, mbiombio. Kafungua friza, kaona trei imeota weupe juu, kadhani ni barafu ya kawaida, kadondosha vipande vitatu kila glasi. Soda nyeusi. Na zile glasi nyeusi za wageni.

Vipande vya MCHUZI, shoga.

Baba wa mchumba kanywa. Kaichungulia glasi. Kanywa tena. Kaniangalia mimi, sijui kwa nini mimi.

“Mwanangu, hii soda ina kitunguu saumu?”

Kitunguu saumu. Kwenye soda.

Mama mkwe hata hakupepesa macho: “Ndiyo. Inasaidia tumbo.”

Wifi anakodolea zulia kama ndiyo kwanza analiona. Mzee kamaliza yote, mpaka nyanya ya chini kaitafuna. Mimi nikakimbilia huku.

Sasa mama mkwe ananigongea mlango. Mzee ameomba nyingine, ileile.

Vipande vimekwisha, shoga.

Na mama mkwe anasema tungemwachia sufuria yake, leo tusingeaibika.