Mtalii wa Mageti

Jumatatu, 3 Novemba

Tumefika. Miguu imevimba, kichwa kinavuma. Siku ya kwanza ya utalii wetu ughaibuni na mvua hiyo! Tena si mvua ya kunyesha ikaisha. Inachuruzika tu, kama bomba bovu ambalo mwenye nyumba hataki kulitengeneza.

Chumba chetu: ukifungua sanduku, mlango haufunguki. Ukifungua mlango, mmoja wetu akae kitandani. Nimecheka, halafu sikuendelea.

Tiketi zetu ni za kuzungukia. Treni yoyote, mji wowote, mpaka Jumatano ya wiki ijayo, siku ya kurudi nyumbani. Baba Mapacha ndiye aliyepanga kila kitu. Mimi nilijua nini? Karakana yake ya kuchomelea ilipobomolewa kupisha barabara, walimlipa fidia. Nikadhani atatafuta banda jingine. Wapi! Mwaka mzima yuko kwenye kochi, rimoti mkononi, mimi niko dukani nashona sare za shule. Halafu siku moja anaingia na tiketi za ndege. Eti, Mama Mapacha, tangu nikuoe hujapumzika hata siku moja, twende na sisi tukatembee. Nililia mbele ya wateja.

Wifi alisema tumerukwa na akili, fidia ya mtu kuipandia treni. Nikamwambia wivu.

Mapacha wako kwa bibi yao. Nimepiga simu, hawakutaka kuongea na mimi. Wanaangalia katuni.

Jumanne, 4 Novemba

Treni ya kwanza. Safi, viti vya kijani, choo kinanukia kuliko sebule yangu. Ila kimya! Nikamsalimia mama niliyekaa naye kwa kumwinamishia kichwa. Akavuta mkoba wake upande wa pili. Nikakaa na salamu yangu.

Mji wa leo una ngome kongwe juu ya kilima. Watu wanatoka huko na huko kuja kuipiga picha. Mume wangu je? Kaenda moja kwa moja kwenye geti. Kainama, kashika bawaba, kapitisha kidole penye kiungio. Ona, hapa wamepinda chuma bila kukata, ona! Nikamwambia na mimi nimepinda, nipige picha. Akanipiga. Jioni naangalia kwenye simu: geti lote limo, mimi sikio tu.

Nimemwita mtalii wa mageti. Kacheka kidogo. Zamani angenirudishia palepale, utani ndio uliokuwa mchezo wetu. Siku hizi unamtupia neno, linaanguka chini.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua. Treni. Mvua. Makumbusho ya saa za ukutani, zote zimesimama. Mkate mgumu. Baba Mapacha alitoka kupiga simu mara kadhaa, kisa mtandao wa ndani hausikiki. Wangu unasikika vizuri tu.

Miguu yangu ina baridi mpaka kwenye mfupa. Nimezikumbuka cherehani zangu. Sijui kupumzika, huo ndio ukweli.

Ijumaa, 7 Novemba

Leo kuna jambo, na sijui ni jambo gani.

Asubuhi tulikuwa twende ziwani. Kila mtu tunayemwonyesha ramani anatuelekeza ziwani. Katikati ya njia Baba Mapacha akanyanyuka, eti tushuke hapa. Hapa wapi? Maghala, mabomba ya moshi, mtaro wa maji meusi. Hata kwenye ramani ya watalii mji wenyewe hauna picha. Akasema anataka kunyoa.

Nje ya stesheni kuna kinyozi. Naingia, nasikia Kiswahili! Moyo ukaniruka. Mtu wa makamo, mcheshi, karibu shemeji, karibu sana, kaa karibu na hita. Wallahi nilitaka kumkumbatia. Siku zote hizi sijaongea na mtu ila mume wangu, na mume wangu haongei.

Akaniletea chai. Akaniuliza habari za nyumbani, bei za vitu, mvua. Halafu, huku mkasi unaenda, akasema:

"Na mapacha? Tetekuwanga imekwisha lakini?"

Nikamwambia imekwisha, tunamshukuru Mungu, imewaachia makovu mawili matatu. Ndipo nikasikia nilichojibu. Watoto wangu waliugua tetekuwanga mwezi uliopita. Mtu ambaye ndiyo kwanza tunakutana naye kajuaje?

Nikamwangalia Baba Mapacha kwenye kioo. Kafumba macho, eti nywele zinamwingia. Kinyozi naye akakohoa, akaanza kufagia sakafu iliyokwisha kufagiliwa.

Nilimaliza chai yangu.

Tumechukua chumba hapa hapa. Hapa pazuri, anasema. Pazuri!

Jumamosi, 8 Novemba

Nilikuwa natafuta soksi. Naapa, soksi tu.

Chini kabisa ya sanduku la Baba Mapacha, ndani ya taulo: glavu za kuchomelea. Zile za ngozi, kidole gumba kimeungua, mimi mwenyewe ndiye niliyekitia kiraka. Na miwani yake nyeusi. Na ile nyundo ndogo ya kugongea mabaki ya moto kwenye chuma.

Nani anakwenda kutalii na glavu za kuchomelea?

Nilikaa nazo mapajani. Zinanuka chuma kilichoungua. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya mume wangu akirudi jioni, na nilikuwa nampigia kelele akaoge kabla hajagusa mto. Leo nimezinusa mpaka nikaona aibu. Nikazirudisha kama zilivyokuwa.

Basi ndiyo hivyo. Anataka kuzamia, abaki huku kimyakimya. Kila mtaa kwetu una mtu aliyezamia nchi za watu, picha yake iko ukutani, watoto wake wanamjua kwa sauti ya simu. Mke wake ukimkuta sokoni anakwambia yuko karibu kurudi. Unamwitikia, unauliza bei ya vitunguu.

Nilidhani ameniletea mimi huku nipumzike. Kumbe mimi ni sehemu ya mzigo! Mwanamume peke yake ubalozini wangemuuliza maswali mengi. Mtu na mke wake, nguo nzuri, wanakwenda kuzungukia treni — hao ni watalii, pita baba, pita mama.

Nina hasira mpaka mwandiko huu umekuwa kama wa mapacha.

Jumapili, 9 Novemba

Sijasema. Naye hajasema. Tumekula mayai. Mayai yalikuwa baridi.

Jumatatu, 10 Novemba

Asubuhi alijishika tumbo. Linamkata. Mama Mapacha, nenda wewe ziwani, usipoteze siku kwa ajili yangu, treni ni hiyo hapo, huwezi kupotea. Akanifunga skafu shingoni mwenyewe. Miaka hajanifunga kitu.

Nikaenda. Nikapanda treni, nikakaa, nikaangalia kondoo wa watu. Stesheni iliyofuata nikashuka, nikavuka daraja, nikapanda ya kurudi. Mkagua tiketi alinitazama mara mbili. Nikamwonyesha tiketi ya kuzungukia. Si nazunguka?

Chumbani hayupo. Haikunisumbua kumtafuta: nilifuata mlio. Mke wa fundi huujua ule mlio hata akiwa usingizini, ule wa chuma na moto. Nyuma ya maghala, banda refu la bati, mlango mkubwa umefunguliwa nusu. Nikasimama upande wa pili wa barabara chini ya paa la duka lililofungwa.

Alikuwa amepiga magoti. Miwani usoni, cheche zinaruka mpaka mabegani. Anaunga ngazi ya chuma. Alipomaliza akapandisha miwani, akagonga na ile nyundo yake, akainamisha sikio kusikiliza kiungo, kama anavyofanya siku zote. Mwanamume mmoja mnene, nadhani ndiye mwenye karakana, akaja akapitisha kidole, akampiga bega. Wakacheka. Hawaelewani lugha hata neno moja na walikuwa wanacheka!

Halafu akasimama, akanyoosha mgongo, mikono kiunoni. Nikamwona. Nikamwona mume wangu, yule yule aliyekuja kwetu kutengeneza dirisha la baba akakaa wiki nzima kwa dirisha moja. Yule wa kwenye kochi sikumwona kabisa.

Hasira ikaniisha, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mtu ukiwa na hasira unajua la kufanya. Mimi nililia tu pale chini ya paa. Mwanamke mmoja mwenye mbwa akapita, akanipa karatasi laini bila kusema kitu. Mtu wa kwanza wa nchi hii kunipa chochote.

Jioni akaniuliza ziwa lilikuwaje. Nikamwambia kubwa.

Jumanne, 11 Novemba

Leo tumekwenda ziwani kweli, na mizigo yetu yote, tulale huko usiku wa mwisho. Yeye ndiye aliyetaka, eti angalau tupige picha moja pamoja. Behewa lilikuwa tupu. Nikaona kama si hapa, hapana pengine.

"Ile ngazi imekaa sawa?" nikamuuliza.

Hakujifanya haelewi. Hilo nampa sifa. Akageukia dirishani.

"Ni majaribio tu. Rafiki yangu kinyozi ndiye aliyeniunganisha."

"Na umefaulu?"

"Wanasema nianze hata kesho."

"Kesho tunapanda ndege, Baba Mapacha."

"Najua."

Nikamwambia basi sema. Sema kwa mdomo wako, usiniache nikusome usoni kama mpiga ramli. Akaanza kuzunguka: nani kasema nabaki, mimi nimesema nabaki? Halafu ghafla akanigeukia, macho mekundu.

"Unajua mapacha wameniambia nini? Mwalimu kauliza baba yenu anafanya kazi gani. Wakajibu anakaa. Anakaa, Mama Mapacha! Ndiyo kazi yangu hiyo."

Nikamwambia karakana inaweza kujengwa upya. Akasema wapi, kwa pesa gani, fidia tumeipandia treni. Nikamwambia uliipandia wewe. Nikamwuliza na mimi je? Akasema wewe una duka lako, una wateja, wewe hujambo. Yaani kosa langu ni kuwa mzima! Ningekuwa mgonjwa angerudi?

Nilitaka kumwambia nimekuona jana ulivyopendeza. Nikalimeza neno. Nikilisema, nimempa ruhusa. Nisiposema, nimemnyima kitu ambacho ni chake. Sasa nimelala nalo kifuani.

Mwishowe akashika mkono wangu, akasema kesho tunaondoka wote, yameisha. Alisema haraka haraka, kama mtu anayelipa faini.

Ziwa lilikuwa na ukungu. Hatukuona maji. Tumepiga picha ya pamoja, na nyuma yetu weupe mtupu.

Jumatano, 12 Novemba

Naandika ndani ya treni ya uwanja wa ndege. Imesimama.

Asubuhi alifunga mizigo mwenyewe, aliniambia nisijisumbue. Sanduku langu limekuwa jiwe. Nikalifungua kidogo kwenye ngazi za stesheni: zawadi za mapacha, za bibi yao, hata za dada yake, zote kazihamishia kwangu. Kwa nini, nikamuuliza. Akasema lake zipu imelegea. Sikuiona imelegea.

Njia ya uwanjani inapita kwenye mji wa kinyozi. Nilijua. Tangu tunaondoka nilikuwa nahesabu moyoni tusimame haraka, tuondoke haraka. Tukafika. Milango ikafunguka, watu wakashuka, wakapanda. Kisha tangazo, kwa lugha yao. Abiria wakaguna. Mkagua tiketi akapita akitufanyia ishara ya mikono: mbele kuna kitu kimeharibika, subirini.

Baba Mapacha akasema anashuka kunyoosha miguu. Akavaa koti. Akachukua begi lake dogo.

"Miguu inanyooshwa na begi?"

"Lina pasipoti, lisije likaibiwa."

Pasipoti yake iko kwangu. Niliitoa mwenyewe begini mwake asubuhi, nikaitia kwenye mkoba wangu pamoja na yangu. Nikataka kumwambia, sikumwambia. Nimeishika sasa hivi, iko chini ya daftari hili.

Namwona. Amesimama karibu na kibanda cha magazeti, hatua chache tu kutoka mlangoni. Hajaelekea nje. Hajaelekea ndani. Anaongea na simu, mgongo umenielekea, kwa mkono mmoja anafuta uso. Mvua haifiki pale, kuna paa.

Simu kaikata. Bado amesimama.

Ningeweza kunyanyuka nimwite. Angerudi, namjua, mbele za watu asingekataa. Angekaa hapa kwenye kiti hiki, tungepanda ndege, na kesho kutwa angekuwa kwenye kochi. Ningeweza pia kumpelekea pasipoti yake. Miguu imekataa yote mawili.

Simu yangu inaita. Mama mkwe.

Nimepokea. Sauti yake ya kawaida, kwanza kanisalimia, kaniuliza hali ya hewa. Halafu akasema: mwanangu, mwenzio kanipigia sasa hivi, kaniomba radhi, kaniambia nikae salama na nimwombee dua, kaongea na watoto mmoja mmoja. Mbona kaniaga? Kwani si leo ndiyo mnarudi?

Nikamwambia mama, sikusikii, mtandao. Nikakata.

Tangazo jingine. Watu wanakaa vitini, wanafunga makoti. Taa ya juu ya mlango, ile ya kuashiria unafungwa, imeanza kuwaka na kuzimika. Amegeuka. Ananiangalia mimi, kwenye dirisha, mimi hasa. Hajasogea.

Mama mkwe anapiga tena.