Msemaji wa Zuberi

Mutaho, Jumanne

Mimi na mdomo wangu! Zuberi, ninayefyatua naye matofali, anamchotea maji Amina muuza maharage tangu mvua ziishe, na bado hajamwambia kitu. Kila siku ananiuliza mimi: "We unaona ananipenda?"

Leo nilichoka kuulizwa. Nikajipa kazi ya msemaji, kama wanavyofanya kwetu mtu akienda kuposa. Nikakohoa, nikamsifu Zuberi mbele ya Amina. Hata meno yake niliyasifu, kama nauza ng'ombe.

Amina hakuacha kupakua. "Baba Aline, msemaji anakuja siku ya mahari. Mi najua Zuberi anataka nini, lakini nataka nisikie kwa mdomo wake. Ukimfundisha maneno nitajua ni ya kwako, na nitakataa."

Kidogo tu ningemharibia rafiki yangu, huku najiona mwema.

Nilirudi kwenye matofali. Nikakumbuka kwamba mke wangu niliposewa na baba mdogo. Mimi mwenyewe sijawahi kumwambia neno la mapenzi. Basi nikampigia simu nyumbani Buhinyuza, nimwambie.

Akapokea, akangoja. Nikamuuliza hali ya mbuzi.